Mamle Odonkor na Tanuri la Shanga la Odumase, 1993–2024

Marehemu Mamle Odonkor alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 hapa Odumase-Krobo, mtoto wa nne wa hayati Padi Odonkor, mtengeneza shanga, na Mama Maku. Siku hiyo baba yake alikuwa na shanga tanurini, akagoma kuondoka mpaka zitoke. Alifika kwa mkunga na majivu hadi kwenye nyusi, na Mama Maku hajamsamehe mpaka leo.

Alisoma shule ya msingi hapa mtaani na kumaliza sekondari Somanya mwaka 2011. Tangu utotoni alihudhuria misiba ya watu asiowajua. Waombolezaji walimsifu kwa huruma yake, kumbe binti alikuwa anavizia chupa tupu akampelekee baba yake azisage kuwa unga wa shanga.

Baba alipofariki mwaka 2015, tanuri lilibomoka kwa mvua na hakuna aliyelishughulikia. Mwaka 2017 Mamle aliungana na vijana wenzake wawili, Lako Nartey na Tei Kpabitey, wakaomba mkopo wa kuanzia kazi katika mfuko wa vijana, kila mmoja akiwadhamini wenzake. Baba Mkubwa Sakite, kaka wa hayati baba yake, aliwaruhusu kujenga tanuri jipya uwanjani kwa ukoo. Aliwaambia wazi kwamba kitakachosimama juu ya ardhi ile ni cha ukoo. Vijana wale walikuwa na haraka, wakaitikia.

Kazi yao ya kwanza ilikuwa shanga za wasichana wa dipo, sherehe yetu ya kuwaingiza mabinti utu uzimani, msimu wa 2018. Kwa pupa, walichanganya unga wa chupa za bia na wa vioo vya dirisha katika kalibu moja. Vilipopoa, kila kioo kilijivuta kivyake, na asubuhi wakakuta karibu shanga zote zimepasuka. Lako alitaka wapande gari wakajifiche Accra mpaka msimu upite.

“Wewe nenda,” Mamle alimwambia. “Mimi mama yangu anauza nyanya pale sokoni, nitajificha wapi?”

Basi walikwenda wote watatu, nyumba kwa nyumba, kusema ukweli na kutukanwa. Mama Maku, kwa aibu na kwa uchungu wa mwana, alifungua sanduku lake na kuwaazima wasichana wale shanga zake za urithi. Hakuna aliyetoka bila kupambwa. Mwaka uliofuata akina mama wa wasichana walewale walirudi na kazi, mkopo ukalipwa, na vijana wengine sita wakapata ajira uwanjani pale.

Tarehe 7 Septemba 2019 Mamle alifunga ndoa na Bwana Narh Tekpertey, fundi umeme. Narh aliambiwa mapema kwamba siku ya kuwasha tanuri, mwenye njaa ajipikie. Akajifunza kusonga banku, ugali wa unga uliochachushwa. Banku yake ilikuwa na madonge, na mkewe aliila bila kulalamika, jambo ambalo sisi tuliomjua tunalihesabu kuwa ni mapenzi makubwa. Walijaliwa binti mmoja, Dede.

Novemba 2023 alianza kuugua figo, akalazwa Koforidua. Hapo ndipo maneno yalipomfikia kwamba nyumbani watu wameanza kugawana tanuri na mashine ya kusagia, na kwamba Lako na Tei wataambiwa waondoke. Akamwita Baba Mkubwa Sakite.

“Baba Mkubwa, nasikia mnagawana tanuri na mimi bado nakula.”

Mzee alisema hayo ni maneno ya watu, apumzike tu.

“Nitapumzika sana. Lakini lile tanuri mkiligawa, kila mtu atapata udongo wake, basi. Wale wawili walinidhamini mimi. Na wewe wadhamini wao.”

Mzee alimlisha uji mpaka ukaisha, akampangusa mdomo, akaondoka. Mamle alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Tumeumia, na hatuoni haya kusema hivyo.

Ameacha mama, mume, binti wa miaka minne, na ndugu watano. Mnaotujua mtashangaa, maana Mama Maku alizaa wanne, na mmoja wao ndiye huyu tunayemzika. Katika kikao cha ukoo, Baba Mkubwa Sakite aliagiza Lako Nartey na Tei Kpabitey wasomwe leo pamoja na ndugu zake wa tumbo moja. “Mtoto wa nyumba hii,” alisema, “hafukuzwi uwanjani kwao.”

Mamle aliondoka kabla ya kupata jibu hilo. Ndiyo maana tunalisoma hapa, kwa sauti, karibu na kichwa chake.

Lala kwa amani, Mamle. Umejibiwa.