Mzee Fasta na Maji ya Bondeni

Marehemu, ambaye wafanyakazi walimwita Mzee Fasta hata usoni pake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba za reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa. Mama yake alisema alitembea kabla ya kutambaa, na tangu hapo hakutulia.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni, alikorudishwa nyumbani mara mbili kwa kumaliza mtihani mapema na kutoka bila ruhusa. Mwaka 1981 alihitimu chuo cha ufundi, akaajiriwa na kiwanda cha rangi. Mwaka 1989 akawa mkurugenzi wake.

Vikao aliviendesha watu wakiwa wamesimama; viti alivitoa nje. Huruma yake nayo ilikuwa na haraka ileile. Asubuhi moja aliona watoto wa darasa la kwanza wameketi sakafuni, na kabla ya wiki kwisha kiwanda kikaleta madawati. Hakuwa ameuliza mtu. Yalikuwa ya watu wazima, watoto wakaonekana macho tu. Mwalimu wao akamfuata ofisini.

"Bosi, asante kwa moyo wako. Lakini si ungeuliza kwanza? Au kuuliza kunakuchelewesha?"

Madawati yakakatwa miguu. Tarehe 15 Desemba 1990 mwalimu yule akawa mkewe, na kila msaada wa kiwanda ukawa unapita kwanza mezani kwao: "Umewauliza?"

Miaka mitatu iliyopita alishuka bondeni kuwauliza majirani wajengewe nini, zahanati au uwanja. Muuza mboga mmoja akamjibu, "Baba, msitujengee kitu. Zuieni maji yenu tu." Maji machafu ya kiwanda yalipita bustanini mwake, leo mekundu, kesho ya kijani. Marehemu aliona aibu kubwa na hakuificha. Akaanza kujenga mtambo wa kuyasafisha, kazi ya kwanza maishani mwake isiyokubali haraka. Makamu wake alipenda visima, penye utepe wa kukata. "Sasa mzee, nani atapiga picha na bomba la maji taka?" aliuliza.

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Daktari alimwamuru alale, na ofisi akamwachia makamu. Akawa anazunguka kitanda, simu sikioni. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa, "Wamewasha?" Hawakuwa wamewasha. Mtambo umekamilika tangu Aprili, unasubiri amri ya ofisini, na jambo hilo linatuuma.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu wanne, mmoja wao haketi hata sasa.

Familia inamshukuru aliyekuwa makamu, leo mkurugenzi, aliyeketi safu ya mbele. Mjane anaomba salamu zake za rambirambi ziwe fupi: ataje siku ya kuwasha mtambo.

Baada ya hapo, Mzee Fasta apumzike kwa amani.