Mlango wa Pijo ya Mzee Muhidini

Kijiwe cha Ipogolo kiko kando ya barabara kuu, mbele ya gereji ya Kasian, fundi bodi. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa kali, na birika la Faraji muuza kahawa lilizungukwa mapema. Mbele yao ilisimama Pijo 404 ya Mzee Muhidini, ikiwa na bodi mpya ya chuma iliyopigwa kwa nyundo kuanzia boneti hadi buti, inang'aa mpaka wapita njia wanageuza shingo. Tatizo ni mlango wa dereva. Haufungiki. Na mzee mwenyewe, aliyepofuka mwaka juzi, alikuwa njiani kuja kulikalia tena gari alilobebea abiria kati ya Iringa na Mbeya ujana wake wote. Kasian alishika kikombe, macho kwenye ule mlango.

— Baridi hiyo, alisema Obeid, aliyeitwa Spana ingawa hajawahi kufungua hata nati. — Chuma cha Iringa asubuhi kinajikunyata. Ngojeni jua, mlango utajifunga wenyewe.

— Acha fiksi, Spana! alidakia Timotheo, jina la kijiweni Bunge. — Mabati ya siku hizi ni masufuria yaliyoyeyushwa. Yanakumbuka jikoni. Ukiyanyoosha, yanataka kurudi duara.

— Bunge, jamani! Faraji alisema.

— Cheka tu. Shemeji yangu Mafinga aliezeka bati jipya, jua lilipowaka likanuka maharage.

Kicheko kikalipuka. Kasian hakucheka.

— Fundi, sema na wewe basi, Faraji alimwambia.

— Niseme nini, kaka? Moto wa welding unakunja bati, hilo nililijua, nikaenda nalo taratibu. Madigadi sina mashine ya kuyakunja, nikachonga magogo nikapigia humo, yakatoka safi. Mlango ndio umeniumbua. Upande wa kulia ulishaliwa na kutu, nikapima wa kushoto, nikageuza vipimo. Kumbe hii gari ilipinduka mlima Kitonga zamani, ikanyooshwa kwa kukadiria. Sakafu ya zamani niliyoiacha bado imepinda, mlango hauingii.

— Si upime kwenye bodi ya zamani? Faraji aliuliza.

— Nimeiuza kama chuma chakavu. Imeshayeyushwa.

Gereji zote hufanya hivyo: vipimo vikishapatikana, mkweche unaondoka kupisha nafasi. Lakini Kasian alijuta. Angebakiza hata ule mlango mmoja tu, ulioliwa hivyo hivyo.

— Mwambie mzee gari imegoma mpaka imwone mwenyewe, Spana alijaribu. — Magari yana wivu.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Bajaji ilisimama. Ruwaida, binti wa mzee, alimshika baba yake mkono akamteremsha.

— Shikamoo mzee!

— Marahaba, wanangu.

Ruwaida alimwongoza mpaka mlangoni. Mzee alipapasa kitasa, kisha ukingo wa dirisha, pale alipozoea kuegemeza kiwiko. Akapapasa tena, polepole, kama mtu anayetafuta kifungo cha shati gizani.

— Kasian mwanangu, umefanya kazi. Laini kabisa. Gari ya nani hii?

Ruwaida alimtazama Kasian, Bunge akatazama chini.

— Nawauliza nyie, mzee alisema kwa upole, mkono bado uko kwenye bati. — Yangu mmeiweka wapi?