Bi Ulikwenda na Kiwanda cha Magodoro

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wanaushirika mliokaa upande wa lango: mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nimepewa ukurasa mmoja wa ratiba hii ya mazishi nieleze maisha ya dada yangu. Yeye angetosheka na nusu, na kila sentensi angeniuliza nimeitoa wapi.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa baba seremala wa mabehewa na mama mshonaji. Saa ya kuzaliwa kwake ilikuwa ugomvi wa kudumu nyumbani. Baba alishikilia saa kumi na moja alfajiri, mama alishikilia saa kumi na mbili kasoro. Alipofikisha miaka tisa, marehemu alifunga safari peke yake hadi kwa mkunga, akamkuta anaanua nguo, akamuuliza. Alirudi na jibu: ilikuwa kumi na moja na robo, na baba hakuwepo kabisa, alikuja saa mbili. Mama alicheka hadi akaweka cherehani pembeni. Baba alitafuta kofia yake akatoka kupunga upepo.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa reli kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari ya wasichana hadi 1988, na baadaye chuo cha biashara, alikohitimu stashahada mwaka 1991. Ripoti zake za shule zote mama alizitunza kwenye kopo la biskuti, na walimu karibu wote waliandika neno moja: ni hodari, lakini anauliza mno. Mtu akimwambia lisemwalo lipo, alimjibu, "Lipo wapi? Ulikwenda?" Wenzake wa chuo wakambandika jina la Bi Ulikwenda, likamganda hata kwenye kadi yake ya harusi.

Mwaka 1992 aliajiriwa na kampuni ya ushauri iliyokuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vioo. Kazi yake ilikuwa kupima mazingira ya biashara ya nchi. Sisi nyumbani tulidhani anapima mvua. Kumbe mtu akitaka kujenga kiwanda mahali, kabla hajaweka hata tofali moja, anamtuma mtu kama dada akamwangalizie mambo manne: siasa, uchumi, jamii na teknolojia. Je, sheria ya leo itakuwepo baada ya uchaguzi? Watu wana uwezo wa kununua, au wanatazama tu dirishani? Nyumbani nani anaamua kinunuliwe nini? Na mashine zikishafungwa, umeme utakuwepo wa kuziendesha? Wenzake wengi waliyapata majibu magazetini. Yeye alivaa viatu bapa akaenda kuuliza.

Mwaka 2006 alitumwa kupima kama kiwanda cha magodoro kingefaa kujengwa katika mji wetu. Alibisha hodi nyumba mia mbili na kumi, swali likiwa moja: "Samahani, mnalalia nini?" Mzee mmoja alimkazia macho mlangoni.

"Mke wangu ndiye kakutuma?"

"Hapana, baba. Ni kiwanda."

"Basi kakiambie hicho kiwanda mimi nalalia kochi mpaka nitakaposamehewa."

Aliliandika hilo kwenye fungu la jamii, kwamba magodoro membamba ya kochi yangepata soko. Na kweli yalipata.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 7 Septemba 1996 na mpima ardhi, shemeji yetu huyu mnayemwona hapa. Kabla ya kumkubali alimfanyia tathmini ya mafungu manne, mama mkwe akawekwa kwenye siasa. Shemeji anasema mpaka leo hajaonyeshwa matokeo. Walijaliwa binti mwaka 1998, ambaye sasa ni muuguzi, na mtoto wa kiume Mei 2006, ambaye yuko chuoni.

Sasa nifike mahali ambapo baadhi ya jamaa waliniomba nipapite juu juu. Sitapapita, kwa sababu yeye mwenyewe hakupapita. Wakati anamalizia ripoti ile ya magodoro alikuwa na mtoto wa wiki sita mgongoni. Siasa, uchumi na jamii alikuwa amekwenda kuviona. Umeme bado. Ikaja barua ya kituo cha umeme, yenye muhuri, ikisema umeme wa eneo la viwanda ni wa uhakika. Alikuwa amechoka, mtoto analia, tarehe ya kukabidhi ni kesho. Aliamini barua.

Kiwanda kilifunguliwa 2008 kikaajiri watu mia moja na arobaini, mimi nikiwa fundi mitambo. Wanaojua kazi ile wanajua: dawa za sponji zikishaanza kumiminwa, mkanda unaozibeba haupaswi kusimama. Umeme ukikatika katikati, sponji lote ni la kutupa. Tulitupa miaka sita. Novemba 2014 tajiri alifunga lango.

Bosi wa dada alimwambia anyamaze, kwani wafanyakazi hawakujua hata kama kulikuwa na ripoti. Yeye alikuja langoni siku ile ile, akapanda juu ya chaga la mbao, akasema: "Ripoti ya kujenga hapa niliandika mimi. Umeme sikwenda kuuona. Niliamini karatasi, na nyinyi ndio mmelipa. Nimewakosea." Kisha akashuka akasimama hapo hapo, aliyetaka kumtukana amtukane. Wapo waliofanya hivyo. Mimi sikumtukana, nilifanya vibaya zaidi: nilimnunia miaka mitatu. Watu walimpoza kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Alijibu kwamba kurudia hatarudia, lakini lile moja bado ni lake. Mwezi uliofuata aliacha kazi ile, akawa anafundisha madarasa ya jioni, na wanafunzi wake walilalamika kwamba miguu inawauma kuliko vichwa.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Septemba mwaka huo, wafanyakazi wa zamani tisini na mmoja, waliokuwa wameunda ushirika, walimjia. Walitaka kukichukua kiwanda kwa akiba zao za maisha na kukifungua upya, na walitaka yeye apime kwanza. Alishangaa. Mwenyekiti, aliyekuwa mkata sponji, akamwambia, "Mama, wewe unajua ukikosea inakuwaje. Hao wengine hawajui."

Alikubali, daktari akikataza. Alikwenda halmashauri akipanda ngazi kwa bega la binti yake, akikaa kila baada ya vidato vitano. Alikwenda madukani na benki. Mafungu matatu aliyamaliza. Januari miguu ikakataa, akaniita.

"Mdogo wangu, nenda kakae karibu na transfoma ya viwandani siku tano. Umeme ukikatika andika, ukirudi andika."

"Dada, transfoma si imebadilishwa? Mji mzima unasema."

"Ulikwenda?"

Nilikwenda. Nilikaa kwa kinyozi anayetazamana na ile transfoma. Ni mpya kweli, inang'aa. Lakini nyaya ni zile zile za zamani, na mashine ya kinyozi ilizimika mara nyingi kiasi kwamba mteja mmoja aliondoka na nusu kichwa. Nina umri wa miaka hamsini na mmoja, na tangu 2014 naishi kwa vibarua. Nilikitaka kile kiwanda kuliko mtu yeyote. Njiani kurudi nilijiambia: nitasema mara nne. Hawezi kuamka akaangalie. Nani atajua?

Alikuwa macho. Akauliza, "Ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Ulitaka kuniambia ngapi?"

"Nne."

Akacheka, ingawa kucheka kulimuumiza, akanishika mkono. "Ahsante, baba." Hakuwahi kuniita hivyo kabla. Siku hiyo hiyo alimwandikisha binti yake fungu la nne, akatia saini. Alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa tisa alasiri, zikiwa zimebaki siku thelathini na tano atimize miaka hamsini na mitano.

Wanaushirika, tangu Alhamisi mmebeba viti na kuchota maji, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jibu. Jibu ni hili, na nimeomba lichapwe kwenye ratiba hii ili asije mtu akalibadilisha: bado. Sheria ziko sawa, wanunuzi wapo, mafundi ndio sisi. Umeme bado. Msitoe akiba zenu mpaka nyaya zibadilishwe, na mtu akae kwa yule kinyozi siku thelathini bila mashine kuzimika. Kama kuna wa kumlaumu, aliyehesabu ni mimi. Nyaya hazitajibadilisha zenyewe. Jumatatu saa mbili asubuhi napeleka daftari ofisi ya umeme na siondoki bila tarehe ya matengenezo. Mwenye nafasi tufuatane.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, wadogo zake wawili, wanafunzi wengi wenye viatu vilivyokwisha soli, na watu tisini na mmoja ambao akiba zao bado ziko mikononi mwao.

Mungu ampumzishe dada yetu kwa amani aliyoitafuta hadi mwisho.