Abigael Thoya na Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

Tarehe 31 Julai 2025, Bi. Abigael Thoya anastaafu baada ya kulitumikia shirika hili la ustawi wa jamii, Malindi, kwa miaka thelathini na minne. Ukurasa huu huandikwa na mfanyakazi mwenza. Safari hii nimeuomba mimi mamake, na mkurugenzi hakuweza kunikatalia, maana chapati zangu anazila tangu aajiriwe. Niliishia darasa la nne. Mkikuta kosa, kaeni nalo.

Alianza na baiskeli, akiwafuata watoto wenye shida mpaka Gongoni na Marereni. Marehemu babake alikuwa mtu mwema, lakini kichwa kile amekitoa kwangu.

Mwaka 2016 likaja jambo la Vivian, mtoto wa miaka sita. Mamake alikuwa amefariki, babake Mswidi naye akafariki kwao. Mtoto akabaki Gongoni na nyanyake, Mama Kahaso, muuza samaki. Ofisi ya huko Uswidi ilitaka kuamua: abaki, au apelekwe kwa shangazi asiyemjua? Barua zilipita kwa mkalimani, zikirudi na maswali yaleyale. Abigael akasema kesi hii ataisema kwa mdomo wake. Akaanza kujifunza Kiswidi kwenye simu, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja.

Tukaingia Kiswidi nyumba nzima. Mbuzi wangu alihojiwa kila jioni: analala wapi, anakula nini, nani anamlea. Kisha nikamsikia Abigael akivuta hewa kwa mdomo, shup! kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikajua ni pumu. Nikamfukiza mwarobaini chini ya blanketi siku tatu, na humo ndani bado shup! Siku ya nne, macho mekundu, akanieleza kuwa watu wa kaskazini ya Uswidi wakikubali jambo huvuta pumzi hivyo. Ndiyo "ndiyo" yao. Mbona hakusema mapema? Ati hakupewa nafasi.

Siku ya kikao na ofisi ile ya Uswidi, kwenye kompyuta, nilikuwa nimeleta mbaazi za nazi pale ofisini, nikakaa. Abigael alisema Kiswidi dakika arobaini bila karatasi: shule, chakula, na vile Vivian halali mpaka nyanyake amkune mgongo. Mwisho akauliza kama mtoto abaki. Afisa wao, mama wa miwani, akafunga faili lake. Halafu: shup!

Mama Kahaso, aliyekaa kando yangu, akashika kichwa. "Jamani, ameshtuka! Wanamchukua mjukuu wangu!"

"Kaa chini wewe," nikamwambia. "Kakubali huyo!"

Abigael alikuwa analia, hakuweza kutafsiri. Nilitafsiri mimi, wa darasa la nne. Karatasi ya uamuzi ilipofika, ilisema kama nilivyosema. Leo Vivian yuko kidato cha pili, na ndiye atakayempa Abigael maua siku ya kumuaga.

Asanteni nyote mliofanya kazi naye. Mwanangu, funga mafaili, uje nyumbani. Mbuzi anangoja mahojiano. Mungu akupe afya, miaka mingi na usingizi wa mchana. Na atakayeniuliza ukumbini kama najivunia mtoto huyu, jibu langu ni moja: shup!