Erina Namutebi na Uwanja wa Gumbo

Wapendwa waombolezaji, haya ni maisha ya dada yetu Erina Namutebi, yanayosomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake, Edrine.

Erina alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, Kalisizo, Uganda, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Erifazi Kizza na mama Cissy, ambaye yupo hapa nasi, akasoma shule ya msingi huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, kisha akasomea ualimu wa watoto wadogo mjini Masaka, akahitimu Novemba 2000.

Juba alifika Mei 2008, akauza vitambaa mtaani Kator, na huko ndiko alikofunga ndoa, tarehe 20 Agosti 2011, na Dau, fundi umeme aliyekulia Nakuru, wakajaliwa mabinti wawili, Yar mwaka 2012 na Nyanut mwaka 2017. Januari 2014 alifungua chekechea hapa Gumbo, chumba kimoja cha mabati, na kwa kuwa hakikuwa na ua, watoto walichezea uwanja wa umma ng'ambo ya barabara.

Katika kona ya uwanja huo palikuwa na mapipa yaliyoachwa na watu wasiojulikana, nayo mwezi Mei 2022, mvua zilipozidi, yakatoboka, yakamwaga kitu cheusi chenye harufu ya kuchoma pua, na wiki hiyo hiyo Nyanut na wenzake wanne wakatoka malengelenge nyayoni. Erina, ambaye ndiye aliyekuwa akiwapeleka kucheza kwa mikono yake mwenyewe, hakupata tena utulivu.

Tarehe 6 Juni alipeleka barua baraza la mtaa, na baada ya kurudi pale mara tatu akaletewa ofisa, ambaye alisimama barabarani, akatazama, akasema, "Mama Yar, mafi mushkila, hiyo ni mafuta ya zamani tu, mvua itasafisha." Erina akamjibu, "Kama hakuna shida, mwanangu, vua viatu utembee mpaka kwenye mapipa." Hakuvua. Alichota udongo kwenye mfuko, akaahidi majibu ya maabara baada ya wiki mbili, baraza likafunga kamba kuzunguka uwanja, na mwezi Julai kamba ikakatwa ili watu waingie kwenye sherehe, wala haikurudishwa.

Tangu hapo, kila siku darasa lilipofungwa, Erina alibeba kiti chake akaketi langoni mwa uwanja kuzuia watoto, wa kwake na wa wengine, na wapo waliomwita kichaa. Kila Jumatatu alikwenda barazani kuuliza majibu, akiambiwa yako njiani, na nyumbani alikagua miguu ya Nyanut kabla ya kula chochote.

Oktoba 2024 miguu yake mwenyewe ilianza kuvimba, akaambiwa ni figo. Madaktari hawakusema ni uwanja, wala hawakusema si uwanja, na hilo limetunyima usingizi sisi wote wenye watoto hapa. Kitandani alikuwa akimuuliza Dau jambo moja tu, "Nyanut amepimwa damu?" Alipimwa tarehe 7 Februari 2025, majibu bado tunayasubiri, na Erina alifariki tarehe 11, asubuhi, Yar akiwa amemshika mkono.

Jana baraza lilituma mtu kutupa pole, akasema kwa kuwa nyumba yetu ni ndogo, tuwapokee waombolezaji uwanjani. Dau alimshukuru kwa heshima, akakataa, na ndiyo sababu mmeketi kando ya barabara, juani, mtusamehe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kubeba maji, walimu wenzake, na kina mama wa chekechea, ambao tangu alipolazwa wamepokezana kiti chake bila kuacha hata siku moja. Mtakapoondoka, tunawaomba muwashike watoto mikono hadi mpite uwanja.

Mama yake Nyachangkuoth, mmoja wa kina mama hao, ametuma salamu kwamba hakuweza kufika mazishini, kwa kuwa leo ni zamu yake langoni. Basi pumzika, Erina, kwa amani uliyoikosa.