Nilivyowafungia Samaki Maji

Nimeitwa mbele, nimekuja. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo, marahaba, maana najua mlitaka kuniamkia mkaogopa. Leo sitamtaja mtu jina. Mwenye kujijua atajijua, acheke kimoyomoyo.

Mimi ni mtu wa Newala, hilo mnalijua. Nilishuka huku Nanganga na jembe na mke, hakuna aliyenipa kitu. Mikorosho ile nimeipanda kwa mikono hii. Nyumba ya bati nimeezeka mwenyewe. Shule sina, niliiacha nikiwa bado naumba herufi kwa mkaa. Sasa mtu kama mimi, nawaambia kweli, kumfundisha ni kazi. Amezoea kupata bila kufundishwa.

Kikundi chetu cha mto kilipoanza, mlikuja kwangu kwa sababu nina kile kipande cha bondeni. Mkasema mto wetu Lukuledi umechoka. Watu wanalima mpaka ukingoni, wengine wanatia utupa, ule mmea wa kulevya samaki, mkubwa na mdogo wote wanaelea. Perege wa mto huu, perege wetu wenyewe, si hawa wa kuletwa kwa gari, wamebaki kwenye kidimbwi kimoja tu kule juu. Tuwatoe, tuwafuge, wazae, watoto tuwarudishe mtoni. Nikasema sawa. Tukachimba bwawa. Samaki wazazi wakaletwa ndani ya ndoo, juu ya baiskeli, wamefunikwa kanga mbichi kama wagonjwa. Mama mwenyekiti akanikabidhi mbele ya watu.

"Baba Somoe, hawa wakifa hatuna wengine. Kidimbwi kinakauka."

Nikamjibu, "Nimefuga mbuzi, nitashindwa na samaki?"

Bwana samaki, yule mtaalamu wa ufugaji samaki, akanionyesha mlango wa maji ya kuingia na mlango wa kutokea. Akasema, "Mzee, acha maji yapite." Nikaitikia ndiyo, akaenda zake. Lakini sikuelewa. Yapite yaende wapi?

Sikilizeni. Kule nilikozaliwa mto hakuna. Mama yangu alikuwa akiteremka bondeni alfajiri kufuata maji, anarudi juu jua limeshawaka. Maji uliyonawia uso ndiyo hayo hayo unaoshea miguu, na hayo hayo unamwagia mpapai. Ya mvua tunayakinga, tunayaingiza shimoni, tunafunika. Mtoto akimwaga kata moja anachapwa na jirani kabla mzazi hajafika. Sasa mtu huyo unampa bwawa ambalo maji yanatoka upande wa pili mchana na usiku, yanapotelea kwenye majani! Nilikuwa nakaa pale ukingoni roho inaniuma. Nikaziba mlango wa kutokea kwa udongo. Bwawa likajaa. Nikaziba na wa kuingilia. Nikatandaza matete juu, maji yasiliwe na jua. Nikarudi nyumbani nimetulia, nikamwambia mke wangu, "Sasa lile ndilo bwawa."

Wakaanza kufa.

Wa kwanza nilimzika chini ya mkorosho, sikusema. Wa pili nikasema ni uzee. Halafu sikuwa na la kusema. Nikabadilisha chakula, nikaacha pumba nikatia mchwa. Nikamleta mtu akasoma dua, akasoma vizuri sana, wakaendelea kufa. Maji yakawa ya kijani, mazito kama mlenda. Nikadhani jua ndilo linalowachemsha, nikaongeza matete. Kila nilichofanya kilizidisha, na sikujua kipi. Kichwa kikawa kama redio iliyokosa stesheni. Maji yapo tele, chakula kipo, wanakufa na nini?

Basi nikaamua ni utupa. Lazima mtu ametia. Nikamfuata jirani yangu mmoja Mmakua, mvuvi, ambaye mimi na yeye kutwa ni kutaniana. Nilimkuta gengeni.

"Wewe umetia utupa bwawani kwangu."

"Shikamoo kwanza, Baba Somoe."

"Marahaba. Umetia utupa."

"Mto wote ule uko mbele yangu, nije kuiba kwenye beseni lako?" Akawageukia watu. "Labda wamekufa kwa kiu. Nasikia huko kwenu juu maji mnayatia kufuli. Umewafungia na samaki?"

Genge zima likacheka. Mama wa vitumbua alicheka mpaka kitumbua kikaungua. Mimi nikaondoka.

Kikundi mkakaa kikao mkasema bwawa apewe mtu mwingine. Nikakataa. Nikasema ardhi ni yangu. Nyumbani mke wangu akaniuliza, "Ardhi yako, sawa. Na samaki ni wako?" Nikatafuta kofia niende shamba.

Alfajiri moja nikaenda bwawani, nikafunua matete. Waliobaki walikuwa juu, vinywa nje, wanatweta kama mbwa. Na wote wamesongamana kona moja. Kwa nini pale? Nikainama. Ule udongo wangu wa mlango wa kuingilia ulikuwa umepasuka, maji yanachuruzika membamba kama uzi. Samaki wote walikuwa wanagombania uzi ule.

Ndugu zangu, nilisimama nisijue niko wapi. Samaki yuko ndani ya maji, kazungukwa na maji, na bado anayatafuta maji! Mpaka sasa nikilisema jambo hili linaniyumbisha. Lakini mwili uliingia kabla ya akili. Nikaubomoa ule udongo kwa vidole, nikavuka upande wa pili nikabomoa na kule, matete nikayavuta nje, suruali imelowa mpaka kiunoni. Maji yakaanza kukimbia. Na mimi nimeuma meno, nayatazama yanavyokwenda.

Hakufa mwingine tena.

Nikarudi gengeni, watu wakiwapo, nikamwambia jirani yangu, "Ni kweli, niliwatia kufuli." Safari hii hakucheka. Alikuja na mawe, tukajenga mlango wa kutokea ambao hata mimi siwezi kuuziba.

Halafu jike mmoja akagoma kula. Kidevu kimevimba, anajificha pembeni. Nikasema basi, imerudi. Nikamfuata bwana samaki mwenyewe, mbio, na miaka hii. Akaja, akachungulia, akatabasamu.

"Mzee, huyu haumwi. Ana mayai mdomoni. Perege wetu huatamia kinywani."

"Na akipiga chafya?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nilikuwa nauliza kweli. Na siku nilipowaona wale wadogo, kama mbegu za ufuta zenye macho, wakimtoka mama yao mdomoni, wakaogopa kivuli changu wakarudi ndani wote, nilikaa chini kwenye tope. Sikulia. Nilikaa tu.

Namshukuru mama mwenyekiti, aliyeniacha na bwawa pale ambapo kikao kilishanitoa. Namshukuru jirani yangu, ulimi wake na mawe yake. Bwana samaki, ambaye hajachoka. Na mke wangu kwa swali lile.

Ninachowaambia ni hiki. Mtu akikueleza jambo usilielewe, usiseme ndiyo. Sema sielewi, hata kama una mvi, hata kama una mikorosho. Mimi nimeelezwa kwamba ndani ya maji mna hewa, na maji yakisimama hewa inawaishia. Nimeelezwa vizuri. Bado sielewi, na nimemwambia bwana samaki hivyo hivyo, sielewi, njoo Jumamosi unieleze tena.

Nimemaliza. Vifaranga wa perege wako kwenye ndoo pale kivulini, na ndoo haina mlango wa kutokea. Inukeni, twende mtoni.