Karatasi Niliyoifukia Kwenye Maharage

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine Bwana asifiwe. Mimi ni Paulo wa hapa Hirbadaw, mnanifahamu. Mpaka mwaka jana nilikuwa mzee wa kanisa hili.

Ndugu zangu, Konsolata alikuja na vibarua wa kuvuna maharage. Wenzake walipoondoka, akabaki kumsaidia mke wangu. Baadaye akatueleza kwamba ni mkimbizi kutoka Burundi, mumewe aliuawa kule, na ametoka kambini Kigoma bila kibali. Alikuwa na karatasi ya kumtambulisha kuwa mkimbizi. Nikaifukia kwenye gunia la maharage, nikamwambia, "Kuanzia leo wewe ni mtoto wa dada yangu wa Mbulu." Nikamwandikisha hivyo kijijini. Nilijiona mwema kweli kweli.

Maafisa wa uhamiaji walipopita, mmoja wao, Mwiraqw mwenzangu, akamsalimia kwa Kiiraqw. Huyo niliyemwita mpwa wangu hakujua hata neno moja, akabaki kumtazama tu. Wakamchukua kama mhamiaji haramu, wa kurudishwa Burundi. Nililia, sifichi.

Nikaenda Katesh kwa Mama Zainabu, Mwislamu mwenye duka la vitenge, ambaye pia ni msaidizi wa kisheria. Akauliza, "Mzee, karatasi yake iko wapi?" Nikamwambia.

"Mkimbizi harudishwi kwenye hatari aliyoikimbia," akasema. "Kutoka bila kibali ni kosa, lakini lina utaratibu wake wa kisheria. Wewe umeficha kinga yake. Ipeleke uhamiaji, na useme ulichofanya."

Niliogopa jela, na niliwaogopa ninyi zaidi. Niliomba mpaka nyumbani Mungu anipe njia nyingine. Hakunipa. Nikaitoa ile karatasi guniani, nikaipeleka, nikaandika maelezo yangu na kusaini.

Konsolata hakupelekwa mpakani. Alirudishwa kambini, na Mama Zainabu anamsaidia kuomba kibali cha kutoka. Mimi nilipewa onyo kali, na ninyi mkanivua uzee wa kanisa. Mlifanya haki. Namshukuru Mungu aliyemwokoa Konsolata kutoka mikononi mwangu, akaniokoa mimi pia na kujiona mwema.

Sasa, ndugu yangu, kama una mgeni nyumbani uliyempa ukoo wako kwa huruma, mtumaini Mungu useme kweli. Mama Zainabu amekubali kukaa hapo nje baada ya ibada. Nitakusindikiza kwake, maana najua miguu inavyokuwa mizito.